Ulinzi ni Mdomo
Sehemu ya Saba: Jezi Namba Nne

Kivuli yuko chali sakafuni, amefumba macho. Mpira umekwenda zake mpaka ukutani, ukarudi wenyewe, na hakuna aliyeinama kuuokota.

Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji, na wapo walionilaumu wiki nzima kwa kumwacha binti wa watu kwenye sakafu ya baridi. Basi tumwinue. Lakini kwanza tumtazame aliyesimama nyuma yake, maana kisa kiko kwake.

Huyo ni nahodha wa timu ya kikapu ya wasichana wa chuo. Wenzake humwita Komeo, kwa sababu mwaka juzi akisimama mbele ya mtu, mtu huyo hapiti. Mwaka juzi, nasema. Mwaka jana alipewa kumkaba Sindano, mfungaji wa mabingwa, na Sindano akampita mpaka mashabiki wakaacha kupiga makofi wakaanza kucheka.

Ndipo mwaka huu akaja Kivuli, mwanafunzi mgeni, mwembamba, ana miguu isiyotulia. Kocha akampa Kivuli kazi ya kumkaba Sindano, naye Komeo akarudishwa nyuma awe mdomo wa timu. Maana timu hii ina neno lake. Mpinzani akijisimika kama nguzo njiani ili mwenzako ajigonge, wao huita hiyo "mlango". Aliye nyuma, akiuona, hupiga kelele: "Mlango!" Aliye mbele hukwepa. Neno moja tu.

Leo mazoezini Komeo aliuona mlango ukija. Akafunga mdomo kama jina lake.

"Asiguswe na mtu!" alifoka Mama Barafu, akija mbio na mfuko wake.

Mama Barafu ndiye mtabibu wa timu. Dawa yake ya kila kitu ni barafu. Ukimwambia umeachwa na mchumba, atakupa barafu uweke kifuani.

"Mtoto, unaniona? Hivi ni vidole vingapi?"

Kivuli alifumbua jicho moja. "Vitatu," alisema kwa shida. "Na kimoja kucha imekatika."

Timu nzima ikacheka kwa nafuu. Komeo naye moyoni alisema, "Asante Mungu," na alisema kweli. Lakini kabla shukrani haijafika mbinguni, wivu nao ulimpanda. Hata akianguka wanampenda. Mimi nikianguka, nani atacheka?

Filimbi ililia. Kocha aliingia katikati ya duara, kofia mkononi.

Sasa jambo hili msomaji alishike. Kocha huyu ni mjomba wake Komeo, kaka wa mama yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki. Lakini siku ya kwanza chuoni alimwambia, "Mjomba amebaki nyumbani na kandambili zake. Hapa kuna kocha." Tangu siku hiyo uwanjani humwita "nahodha" tu, kama anavyoweza kumwita mtu wa barabarani. Wengine wote huwaita "mwanangu". Hata yule mlinda geti wa uwanja, mwenye mvi, ni "mwanangu".

"Nani alikuwa nyuma yake?" aliuliza kocha.

Macho yote yalimgeukia Komeo.

"Nahodha. Ulisema?"

Kusema ndiyo ni uongo. Kusema hapana ni kujichimbia kaburi. Komeo alifungua mdomo bila kujua nini kitatoka.

"Alisema, kocha." Ilikuwa sauti ya Kivuli, kutoka sakafuni. "Alisema vizuri. Masikio yangu ndiyo yalikuwa kwingine."

Komeo alihisi kama amemwagiwa maji ya moto. Aliyejigonga anamtetea aliyemgongesha!

Kocha alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Kisha akachuchumaa, akavua sweta lake, akamfunika Kivuli mabegani.

"Masikio yanafundishika, mwanangu," alisema kwa upole. "Moyo ndio mgumu kuufundisha. Kaa hapa upumzike."

Mwanangu. Na sweta juu yake. Sweta lile lile ambalo Komeo huliosha kila Jumapili kwa mikono yake.

Kocha akawageukia wengine. "Sikilizeni. Mwaka jana tulifunga kama mvua, tukavuja kama paa bovu. Mwaka huu paa lipo. Chini ya kikapu nina Kontena, na asiyeamini akajaribu kupita."

Kontena, msichana mpana wa mwili, aliinama kama anayepokea zawadi. Yeye ndiye aliyekuwa mlango leo, upande wa timu pinzani ya mazoezi.

"Pembeni nina miguu. Mbele nina Kivuli. Nyuma nina sauti. Ulinzi ni mdomo, mabinti. Miguu bila mdomo ni kuku aliyekatwa kichwa: anakimbia sana, haendi popote. Jumamosi tunafungua msimu na mabingwa wenyewe. Tukimfunga Sindano kamba, msimu huu hata nzi ataomba ruhusa kupita kwetu. Tusipomfunga, tutaanza kuvuja siku ya kwanza, na mnajua paa likianza kuvuja linavyoendelea. Mpango haubadiliki. Kivuli mbele, nahodha nyuma."

Haubadiliki! Komeo aliuma mdomo. Kumbe hata kuanguka hakukumwondoa.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na misumari badala ya kabati, na bomba moja linalodondoka matone tangu wajenzi walipoondoka. Kontena alisubiri wengine watoke. Kisha akaegemea ukuta, karibu na begi la Komeo.

"Nahodha, leo nilikuwa mlango."

"Najua."

"Mlango una macho, dada yangu. Nilikuona ukiniona."

"Kontena, nenda kaoge."

"Naenda. Ila nikuambie kitu. Mimi nimeshagongwa na watu wengi maishani, maana nilivyo, hata gari linaweza kunipisha. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona aibu kugongwa." Akabeba taulo lake, akaenda.

Akabaki Kivuli peke yake mwisho wa benchi, akijaribu kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Komeo alisimama mbele yake. Alikusudia kuomba radhi. Kilichotoka ni kingine.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Usinishukuru."

"Sikuja kushukuru!"

"Basi tuko sawa." Kivuli aliendelea na kamba zake. "Dada, mimi sikupendi. Tangu nimekuja hujawahi kuniambia hata karibu. Na nafasi yako naitaka, nisikufiche. Lakini siku nikiichukua, utaniona nikiichukua, mchana, mbele ya watu. Sitaichukua kwa kukushtaki."

"Unajiona sana."

"Najiona kiasi. Yule Sindano nimemtazama. Mbele yake bila mdomo wako, mimi ni kipofu anayekimbia. Na wewe bila miguu yangu ni king'ora cha gari lililokwama."

"Umeniita gari bovu?"

"Nimekuita king'ora. Gari ni mimi, nami leo nimegongwa."

Kicheko kilimjia Komeo mpaka kwenye meno. Akakimeza. Wivu, msomaji, ni mwenye nyumba mkali. Hauruhusu hata kicheko kukaa chumba cha uani.

"Kocha amekuzoesha vibaya," alisema, akageuka.

"Kocha?" Kivuli alimwita nyuma. "Kocha akikaa nami anazungumza habari zako tu. Inachosha."

Komeo hakuamini hata herufi moja. Alitoka bila kugeuka.

Njiani hakuona watu wala maduka. Alifika nyumbani jua bado liko juu ya mapaa. Sebuleni cherehani ilikuwa ikikimbia. Mkazamjomba wake ni fundi wa nguo, na ndiye huwashonea timu jezi na kubandika namba. Alikuwa ameinama, pini zimejaa mdomoni kama meno ya ziada, miwani puani.

"Shikamoo, mama."

"Mmh-haba," alijibu kwa pini.

Komeo alitupa begi. Kisha akaiona.

Juu ya cherehani kulikuwa na jezi namba nne. Katika timu yao namba nne huvaliwa na nahodha, wala si mwingine. Na jezi ile ilikuwa imepinduliwa ndani nje, inabanwa ubavuni.

"Mama, hiyo si yangu?"

"Mmh."

"Mbona unaibana?"

"Mjomba wako," alisema mkazamjomba kwa pembe ya mdomo, akilinda pini zake. "Kasema ipungue. Vidole viwili kila upande."

Komeo alishika kiti. Vidole viwili kila upande! Katika timu nzima mwili wa kuvaa jezi hiyo ni mmoja tu. Kontena asingepitisha hata shingo. Ni yule mwembamba. Ni yule wa sweta. Kumbe "mpango haubadiliki" ilikuwa maneno ya kumlaza usingizi, na huku nyumbani jezi yake inakatwa akiwa hai!

Aliingia chumbani kwake, akafunga, akapiga magoti kando ya kitanda.

Alizoea kuomba kwa mpangilio, kama alivyofundishwa: kwanza kushukuru, kisha kuwaombea wengine, mwisho nafsi yake. Akashukuru haraka haraka. Akafika kwa wengine. Akamwombea mama yake marehemu, akawaombea wagonjwa, akamwombea mkazamjomba macho yake. Likabaki jina moja.

"Na Kivuli, Mungu wangu. Mwon..."

Alitaka kusema mwondoe. Kila alipolifikia neno, lilikataa kutoka. Alijaribu kusema mwongoze, nalo halikukubali, kwa kuwa lingekuwa uongo mbele za Mungu. Alibaki na hiyo nusu ya neno mdomoni, paji la uso kwenye shuka, kama mtu aliyekwama katikati ya mlima: juu hafiki, kushuka hataki.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Kandambili zikaburuzwa sakafuni. Mjomba amerudi.

Komeo hakumaliza sala. Alitoka kama risasi.

"Mpe tu!" alipiga kelele.

Mjomba, mkono mmoja bado uko kwenye kitasa, alishangaa. "Nimpe nani nini?"

"Mpe jezi! Mpe unahodha! Si umeshampa sweta? Mpe na chumba changu alale!"

"Mtoto huyu anaumwa?" mjomba alimwuliza mkewe.

Mkazamjomba alinyanyua mabega. Pini hazikumruhusu.

"Siumwi! Nimechoka! Miaka yote hii nakuita kocha, nawaogopa watu wasiseme napendelewa, nakimbia mara mbili ya wenzangu. Hujawahi kuniita mwanangu hata mara moja mle ndani! Yeye kaja juzi tu, mwanangu. Kaanguka, mwanangu. Hasikii, mwanangu!"

"Alipitiwa. Inatokea."

"Hakupitiwa!"

Neno lilikwisha kutoka, msomaji, na mdomo ulioshindwa kusema neno moja mchana sasa haukujua kunyamaza.

"Hakupitiwa, kwa sababu sikusema! Nilimwona Kontena akijipanga. Nilinyamaza! Nilitaka ajigonge, uone kwamba hafai! Akakudanganya ili aniokoe, na hilo nalo ukampenda zaidi! Sasa haya. Mvalishe namba nne, yaishe."

Cherehani ilisimama.

Mkazamjomba alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake wa pini bila haraka. Alipomaliza ndipo akasema.

"Wewe mtoto, jezi hii ni yako."

"Ni yangu, halafu unaibana kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Jumapili ulipoijaribu ilikupwaya kama hema. Ulipotoka, mjomba wako akaniambia, 'Mwanangu amekonda. Hali, anarudisha sahani nusu. Mbanie jezi kidogo, asionekane mnyonge mbele ya Sindano.' Ndiyo maneno yake. Mwanangu amekonda."

Komeo alijitazama. Mkanda wa suruali yake ulikuwa kwenye tundu la mwisho. Hakuwa ameona. Kweli alikuwa amekonda. Wivu ulimla mwili kimyakimya tangu Kivuli alipokuja, na yeye hakutambua hata jezi yake mwenyewe iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Akakaa juu ya begi lake.

"Mjomba..."

"Uliuona mlango?" Sauti yake haikuwa ya mjomba wala ya kocha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Niliuona."

"Mapema ya kumwokoa?"

Komeo aliinamisha kichwa. "Mapema ya kutosha."

Mjomba alikuwa anavuta pumzi ajibu, simu yake ikaita. Akaitazama, akaipokea.

"Ndiyo, Mama Barafu... Nakusikia, sema... Eeh... Upande gani?... Umehakikisha?"

Alifunga macho.

"Wamempiga picha hospitali," alisema, simu bado sikioni. "Mfupa wa mtulinga, hapa begani, umepata ufa. Kivuli hachezi Jumamosi. Hachezi mpaka msimu ufike katikati."

Mkazamjomba alishika mashavu. "Masikini, mtoto wa watu!"

Komeo hakushika kitu. Ile nusu ya neno aliyoiacha kando ya kitanda ilikuwa imejikamilisha yenyewe. Aliyetaka aondoke, ameondoka. Na sasa angetoa kila alichonacho arudi.

"Anataka kusema na nahodha wake," mjomba alisema, akamnyooshea simu kwa mkono ulionyooka, kama mtu asiyetaka kusogea karibu.

Komeo aliipokea kwa mikono miwili.

"Dada?" Sauti ya Kivuli ilikuwa nzito kwa dawa, lakini ukorofi ulikuwa pale pale. "Sikiliza haraka, huyu mama anataka kunigandisha. Sindano ni wako sasa. Akishusha bega la kulia, usimfuate, anadanganya. Anarudi kushoto kila mara. Na umwambie Kontena awe mdomo wako nyuma, ana sauti kama honi ya lori."

"Kivuli, nisamehe."

"Tutagombana nikipona. Umenielewa kuhusu bega?"

"Nimeshamwambia kocha."

"Umemwambia nini?"

"Kila kitu. Kwamba nilinyamaza."

"We dada!" Kivuli alipiga kelele, kisha akaguna kwa maumivu. "Una wazimu? Nimejitoa kafara sakafuni mbele ya watu wote, wewe unakwenda kukiri leo leo? Hukuweza kusubiri mpaka Jumapili? Atakuondoa! Sasa nani atamkaba Sindano?"

Lilikuwa swali la haki. Komeo aliinua macho kumtazama mjomba, kwa kuwa jibu lilikuwa kwake.

Alikuwa tayari kwa lolote. Akiambiwa benchi, atakaa. Akiambiwa avue unahodha, atavua. Moyoni alikwisha kubali, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita kifua chake kilikuwa chepesi.

"Anauliza nani atamkaba Sindano," alisema taratibu.

"Nimesikia." Mjomba aliketi kwenye kigoda cha wateja wa mkewe, magoti yamekaribia kidevu. "Nikikuchezesha, siwezi kumtazama machoni yule aliyevunjika. Nikikuweka benchi, nabomoa paa la timu nzima kwa kosa la nyumbani kwangu. Kocha angeamua hapo hapo. Mimi siwezi. Nilidhani mjomba anabaki hapa na kandambili zake. Kumbe siku zote alikuwa mle ndani, na mimi wala wewe hatukumwona."

"Una maana gani, baba?" aliuliza mkewe, akisimama.

Mjomba alimtazama Komeo.

"Mwambie Kivuli," alisema, "swali hilo amwulize kocha atakayekuja kesho. Mimi naandika barua usiku huu. Nimeacha timu."

Sauti ya Kivuli iliendelea kuita kutoka kwenye simu mkononi mwa Komeo, ndogo, yenye haraka.

"Haloo? Dada? Kasemaje? Dada, kocha kasemaje?"